Kimya cha Aina Mbili

Wifi yangu anaitwa Mama Kishindo, na jina hilo hakupachikwa na maadui. Anaongea na mtu aliye mbele yake kama anamwita kutoka ng'ambo ya mto. Akinisalimia asubuhi, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Siri yake moja tu ndiyo haijulikani mtaani, nayo ni ile ambayo hajapata kuisema.

Ameolewa na kaka yangu, fundi cherehani, mtu ambaye sauti yake haijawahi kuamsha hata paka. Siku ya posa niliwaangalia hawa wawili nikasema moyoni, haya makubwa, wataishije? Wakaishi. Wakazaa, wakalea, wakajenga, na mimi mdomo nikaufunga.

Kelele zile hakuzaliwa nazo. Zimetoka kwenye mashine ya kusaga nafaka. Baba yake alikuwa msagaji, na yeye alianza kushika mifuko ya unga kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Baba alipofariki, mashine ikawa yake. Ni chumba kimoja chenye mlango mpana, mota ya umeme kwenye kona, mkanda mrefu wa mpira unaozungusha mawe, na juu karai kubwa la bati tunalomwagia mahindi. Mahindi yanashuka kwenye koo la mashine, yanasagwa, unga unatokea chini kwenye mfuko mrefu wa kitambaa. Yeye anasimama pale kwenye mashine. Mimi nakaa mlangoni kwenye mizani, napima na kugombana na wateja. Kazi hiyo ya pili naifanya bure.

Ndani mle mashine ikiwaka hakuna maneno. Mteja akitaka unga laini anasugua vidole viwili, akitaka wa chengachenga anafungua kiganja. Na mimi nikimtaka wifi yangu, namrushia punje za mahindi mgongoni, anageuka. Ndivyo tunavyoitana. Mgeni akiona anadhani tunagombana, na siku nyingine kweli tunagombana.

Basi mwaka huu maji yakazidi unga. Binti yao, ambaye anauza simu na vikorokoro vyake kwenye duka moja la mjini, alimburuta mama yake kwa daktari wa masikio. Nilifuatana nao. Wakamwingiza kwenye kijumba chenye kioo, wakampa kitufe, wakamwambia kila akisikia mlio abonyeze. Akakaa. Akakaa sana. Mwisho akamgeukia yule mhudumu akauliza wanaanza saa ngapi. Walikuwa wameshamaliza.

Mimi nilicheka hadi daktari alipoingia. Kisha nikaacha. Alisema kilichokufa kwenye masikio hakifufuki. Kilichobaki kinaweza kulindwa, ila akiendelea kusimama kwenye ile ngurumo bila kinga, nacho kitaondoka, na sauti ndogondogo ndizo zinazotangulia kupotea. Aliposema sauti ndogondogo, sikumwangalia daktari tena. Niliwaza kaka yangu.

Maana hilo mimi nilikuwa naliona siku nyingi na lilikuwa linanikera. Kaka yangu alikuwa ameacha kuongea na mkewe. Hawakununiana, wala hapakuwa na mwanamke mwingine, ingawa watu walishasema yao. Ni kwamba kila akifungua mdomo, anaambiwa, "Ee? Sema kwa nguvu!" Na yeye nguvu hiyo hana. Tena kuna mambo mume hawezi kumpigia mkewe kelele hadi mpita njia asikie. Basi akabaki kuonyesha kwa mkono: chumvi, mlango, mvua inakuja. Nyumba nzima ikawa ya wateja wa mashine. Mimi nilikuwa namwonea huruma, halafu namkasirikia, halafu namhurumia tena.

Kuhusu kinga, tulishajaribu. Tulimtafutia yale makopo makubwa ya masikioni wanayovaa wapasua mawe. Aliyavaa asubuhi moja, akayavua, akayatundika kwenye msumari. Alisema yanamwua kabisa. Msagaji husikiliza mashine yake. Mawe yakikaukiwa yana kilio chake, mkanda ukilegea una kilio chake, na yeye kwa jinsi masikio yalivyobaki, vilio hivyo alikuwa bado anavipata kwa taabu. Tukamwambia basi aache kazi. Akatuangalia kama tumemwambia ajivue ngozi. Sikio la kufa, nilimwambia, halisikii dawa. Hakusikia hata hilo.

Ndipo siku moja binti akaja na vijikasha viwili mkononi, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea. Ndani ya kila kijikasha spika mbili ndogo za masikioni, zile zisizo na waya. Tajiri wake alimruhusu aje azijaribu kwa mama, achukue zinazofaa, nyingine zirudi dukani. Alisema spika hizi zinameza kelele. Kelele ikija, zenyewe zinatengeneza kelele nyingine ya kuikata, kelele hizo mbili zinakutana mlangoni mwa sikio, zinauana.

Nilimwambia mwanangu, shangazi yako ni mtu mzima, usinichezee. Akanipachika.

Nami nilikuwa nimekaa palepale mlangoni, mashine inanguruma, ngurumo ile niliyoizoea hadi kwenye meno. Akabonyeza. Jamani. Ngurumo iliondoka. Iliondoka kama mtu amefunika dunia kwa kawa. Nikaona mkanda unakimbia, unga unarukaruka hewani, wifi yangu anafuta jasho, na hakuna kitu. Nikasikia ninavyomeza mate. Nikasikia pumzi yangu inaingia na kutoka, na nikashikwa na woga, maana sikujua kwamba ninahema hivyo. Nimekaa kwenye chumba kile miaka, na siku hiyo ndipo nilipokiona.

Nilizivua nikamwambia binti, hiki kitu kimetengenezwa na watu kweli? Akasema watu kama sisi tu. Nikamwambia hapana, hao si kama sisi.

Jozi zile mbili zilikuwa zinafanana kama mapacha. Zote nyeusi, zote na kijimkia kidogo kinachoning'inia, zote na mpira laini wa kuziba tundu la sikio. Tofauti kwa macho ilikuwa kijistari cheupe kwenye kasha moja. Tukaziita Kijistari na Nyeusi. Binti alieleza kwamba Nyeusi inameza zaidi, na chaji yake inadumu. Kijistari inameza kidogo kuliko mwenzake, ila ina ujuzi mmoja: inachagua. Ikisikia mtu anaongea karibu nawe, inaacha kelele nje na kuivuta sauti yake ndani, tena inaikuza.

Wifi yangu aliposikia, yaani aliposhusha macho kwenye midomo ya mwanawe na kuelewa, alisema hakuna haja ya kufikiri. Anataka inayomeza zaidi. Kelele ndiyo ugonjwa, sauti za watu atazifanyia nini kazini? Wateja wana vidole.

Siku ya kwanza akavaa Nyeusi. Mwanzoni alikuwa kama mtoto aliyepewa viatu vipya. Anasimama, anatabasamu, anagusa mashine kwa kiganja kuhakikisha inawaka, anatabasamu tena. Alisema kuna miluzi iliyokuwa inamlia kichwani usiku na mchana, na leo imekaa kitako. Vumbi la unga liliingia kwenye kijiwavu cha spika akalisugua kwa mswaki mkavu. Jasho lilitelezesha spika moja ikaanguka kwenye unga, tukaitafuta kwa vidole huku tukicheka. Mimi nikasema moyoni, basi, tumepona.

Asubuhi ile kulikuwa na mteja aliyeleta mahindi yenye unyevu. Nilimwambia ayaanike kwanza, akasema anasafiri. Nikayapokea kwa manung'uniko. Mahindi mabichi huganda kwenye koo la mashine. Sasa kwetu kuna kanuni moja ambayo hata mwehu anaijua: mashine ikiwaka, koo linazibuliwa kwa kijiti. Mashine ikizimika, kwa mkono, maana kijiti kinaacha mabaki. Na umeme wetu hukatika karibu kila siku, mchana kweupe, bila hodi. Msagaji hana haja ya kuambiwa. Kelele ikikoma, anazama mkono, anasafisha koo, anasubiri umeme urudi.

Spika moja ilimtoka tena. Aliipachika, akainama kufunga mfuko, mgongo ameupa mkanda. Ile spika ikirudishwa, kimya hakiji papo hapo. Kinachukua muda kidogo, kisha kinashuka. Kikashuka wakati mahindi yameganda kooni. Unga ukakoma kutoka. Kelele ikakoma masikioni mwake. Yeye akafanya hesabu ya maisha yake yote: umeme umekatika.

Mtasema, si angehisi sakafu ikitetemeka? Mtu aliyesimama kwenye mtetemo tangu utotoni hauhisi tena. Nilimwona ananyanyuka. Nilimwona anakunja mkono wa gauni, taratibu, mtu asiye na haraka. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida, mawe yanazunguka, na wifi yangu anapeleka mkono wake wa kulia kwenye koo.

Nilipiga kelele. Nilipiga kelele hadi nikaonja damu, na kelele zile hazikumfikia, maana tulikuwa tumemjengea kuta masikioni. Sikuwa na wakati wa punje. Nilishika kopo la kupimia, la bati, limejaa mahindi, nikalitupa. Lilimpiga begani. Aligeuka na hasira zake zote, mdomo umeshafunguka kunitukana, na macho yake yakapita kwenye mkanda.

Mkanda ulikuwa unakimbia.

Alisimama. Sijawahi kumwona mtu anaangalia kitu namna ile. Aliuangalia mkanda, akaangalia mkono wake, akauangalia mkanda tena, kitu kilichokuwa hai kabisa mbele yake na hakina sauti hata ya inzi. Nikaenda nikabonyeza swichi nikazima. Akatoa spika masikioni, akazirudisha kwenye kasha lake.

Kaka yangu alitoka kwenye chumba chake cha cherehani, futi ya kupimia shingoni, kwa sababu mashine ilizimika na umeme upo. Nilimweleza. Alimshika mkewe mkono ule wa kulia, akaupindua, akaupapasa vidole kimoja kimoja. Kisha akarudi kukaa kwenye cherehani yake, na cherehani haikulia hadi jioni.

Binti alilia akataka kurudisha vijikasha vyote viwili. Mimi nilimuunga mkono, tena kwa maneno makali. Nilisema mkono ni mali kuliko sikio. Nilisema wifi yangu ang'atuke, mashine tumwajiri mtu, na huo ndio mwisho. Tukagombana mezani kwa vidole na kwa kelele. Wifi yangu alituacha tuseme, kisha akasema hajamaliza kujaribu. Kuna ya pili. Ila hatasimama kwenye mashine nayo. Atakaa mlangoni kwenye mizani, na mimi, kwa sababu najua sana kutupa makopo, nitasimama kwenye mashine, yeye akiniangalia.

Kesho yake tukabadilishana. Alinifundisha kwa macho. Mimi nilivaa yale makopo ya wapasua mawe na kijiti changu mkononi, nikiwa na hofu ya kila kitu, na niseme kweli, nikiwa na heshima mpya. Kufungua mahindi kidogokidogo, kusikiliza kwa kiganja, kujua unga umefika kwa kuutazama rangi. Kumbe miaka yote nilikuwa namcheka mtu anayefanya haya kila siku.

Yeye alikaa kwenye mizani, Kijistari masikioni. Nilikuwa namchungulia. Mteja wa kwanza alikuja, mama mmoja mwenye ndoo, akasugua vidole. Nikaona wifi yangu anashtuka. Yule mama kumbe alikuwa anaongea huku anasugua. Watu wote huongea huku wanasugua, hakuna anayesubiri kusikiwa. Baadaye wifi yangu alinieleza. Alisema ngurumo ilikuwepo lakini kwa mbali, kama gari lililopita barabara nyingine, na katikati yake sauti ya yule mama ilikuja safi, imesimama peke yake, inalalamikia magoti yake. Alimjibu. Yule mama akaruka. Hajapata kujibiwa kwenye mlango ule tangu aanze kuleta ndoo.

Alishinda hivyo asubuhi nzima, uso umemkaa kama wa mtu aliyeingia nyumba ya jirani akakuta ina vyumba asivyovijua. Kila mtu aliyepita alikuwa na neno. Mzee mmoja mwenye kiatu kimoja anaongea na ndoo yake. Vijana wa baiskeli wanataniana. Alisikia hata ndege. Mimi sikujua kuna ndege.

Kaka yangu huleta chai mwenyewe, kikombe kimefunikwa na kisahani. Hajawahi kutuma mtu. Siku zote hukiweka kwenye dirisha la mashine, hutikisa kichwa kidogo, huondoka. Siku hiyo alimkuta mkewe kwenye mizani, ameupa mlango mgongo, anarekebisha mizani. Hakujua ana kitu masikioni; alidhani tumekwisha acha mambo ya spika. Akaweka kikombe. Midomo yake ikatikisika kidogo, kama inavyotikisika siku zote. Mimi hudhani anahesabu vifungo.

Wifi yangu aligeuka. Nilizima mashine, sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Nikavua na yale makopo, basi yaliyofuata niliyasikia kwa masikio yangu.

"Umesema nini?" alimuuliza. Aliuliza kwa sauti ya chini. Sikujua anayo.

Kaka yangu alibabaika kama mtu aliyekamatwa. "Nimesema pole na kazi, mke wangu."

"Huwa unasema?"

"Kila siku."

Wifi yangu alishika ukingo wa mizani. Nyinyi mnajua, mtu akikupa pole, unaitikia. Hata adui unamwitikia. Mtoto mdogo asiyeitikia anakemewa. Na huyu mtu ameleta chai na pole mlangoni pale tangu ujana wao, akaiweka dirishani pamoja na kikombe, haikuitikiwa hata siku moja, na hakulalamika, na kesho yake akaileta nyingine. Mimi dada yake wa tumbo moja, nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake na ulimi wangu mrefu, sikujua. Nilisimama nimejaa unga kichwani.

"Nimepoa," alisema. Machozi yalikuwa yanamchirizika yakichora njia kwenye vumbi la uso. "Nimepoa, mume wangu. Na za nyuma zote, nimepoa."

Kaka yangu aliinamisha kichwa. Akatafuta la kufanya na mikono yake, akaiondoa futi shingoni, akaikunja, akaikunjua. Kisha akakaa kwenye gunia la mteja, jambo ambalo tumelikataza kwa maandishi ukutani, na akaanza kuongea. Kwa sauti yake ileile. Alisema nguo ya harusi aliyokuwa anashona imemshinda kola. Alisema jana alipoupapasa ule mkono alikuwa anamwambia kitu, hakusikia, na sasa anataka kukirudia. Hapo nikajikohoza, kwa sababu hata mimi nina adabu kidogo.

Mteja mlangoni aliuliza kama mashine imeharibika. Wifi yangu akanyanyuka. Nilidhani anakuja kushika kazi yake, nikajisogeza. Hakuja. Alivua aproni yake, ile ya turubai aliyoirithi kwa baba yake, ambayo mimi nikiigusa tu kuifua huwa ananitolea macho. Akanivisha, akanifunga kamba nyuma, akaikaza.

"Mashine chukua wewe, wifi," alisema. "Mimi nina maneno ya miaka ya kusikiliza, na daktari amesema hayasubiri."

Nikamwambia mimi siwezi, nitaharibu mawe. Akaniambia nitaharibu, kisha nitajua. Nyeusi ilirudi dukani jioni ile. Lakini palepale nilirudisha makopo masikioni, nikabonyeza swichi, ngurumo ikaamka, nikamwaga mahindi kidogokidogo kama alivyonionyesha. Nilipogeuka walikuwa bado wamekaa, yeye kwenye mizani, kaka yangu kwenye gunia. Midomo ya kaka yangu ilikuwa inakwenda, inakwenda, haipumziki, na mke wake alikuwa anaitikia.